Mkwe wa Galveston

Kama kuna mtu aliyewahi kuzungushwa kisiwa kizima asikione kisiwa chenyewe, basi ni Bibi Loice wa Embu. Husema hivyo mwenyewe, akicheka mpaka anashika mbavu, na ukijaribu kumtetea anakukatiza. Aibu ni yake, anasema, mwacheni aisimulie.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 2004. Alikuwa amekaa Carrollton, Marekani, miezi mitano kwa binti yake Kanana, akimlea mjukuu mchanga wakati mama mtu akiwa kazini hospitalini. Visa ilikuwa inaelekea kwisha, na Jumapili angepanda ndege kurudi nyumbani. Kabla ya hapo alichukua basi kwenda Houston, akae siku chache na kitinda mimba wake, Nyaga, ambaye naye ni nesi.

Nyaga alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mke, na ndani ya friji lake mlikuwa na katoni ya maziwa, chupa ya pilipili, na limau moja lililokauka likawa kama kokoto. Bibi Loice alilifungua friji lile mara ya kwanza akalifunga taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenziwe anabadilisha nguo. Lakini tangu saa ile swali moja lilimkaa kichwani: nikiondoka Jumapili, nani atajua kama huyu mtoto amekula? Na nyuma yake lilisimama swali jingine ambalo hakupenda hata kulitazama usoni. Je, miaka hii yote ya peke yake imemfanya mtu asiyejaliwa na mtu, na asiyemjali mtu?

Maana siku mbili zile hawakuwa wamezungumza sana. Nyaga alirudi kutoka kazini amechoka, akauliza, "Mama, uko sawa?" Akajibiwa kwamba yuko sawa. Kisha akasinzia kwenye kochi na viatu miguuni. Bibi Loice alimvua viatu vile kama alivyokuwa akimvua vya shule, akaketi akimtazama, na lile friji tupu likinguruma jikoni.

Jumatano jioni Nyaga alikuja na habari.

"Mama, kesho niko job. Nimejaribu kubadilishana shifti nimeshindwa. Lakini kuna mtu atakuja kukuchukua, akuzungushe kisiwa cha Galveston siku nzima. Ni wewe na yeye tu."

"Mtu gani huyo?"

"Anaitwa Clarisse. Ni Mkongomani. Ni mtu mzuri sana, Mama, usi-worry. Nimemwambia kila kitu."

Akaingia bafuni kuoga. Bibi Loice alibaki amesimama na mwiko mkononi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na yeye hajawahi kumlaumu mtu mwingine kwa kosa hilo. Kwao, kijana aliyepata msichana haji mbele ya mama yake akasema, "Huyu ndiye." Huo ni ukosefu wa haya. Msichana hutafutiwa sababu. Aje asaidie kuchuma kahawa, amsindikize mama mtu sokoni, wakae pamoja siku nzima na neno la ndoa lisitajwe hata mara moja. Mama anamtazama, naye msichana anajua kwamba anatazamwa ila anajifanya hajui. Bibi Loice mwenyewe alikaguliwa hivyo mwaka 1958, akipalilia maharagwe kutoka asubuhi hadi jioni kwenye shamba la mtu ambaye siku nzima alimwambia neno moja tu: jembe lako limelegea. Baada ya mwezi mahari ikaanza kujadiliwa.

Sasa mtu kama huyo umwambie: ni wewe na yeye tu, ni mtu mzuri sana, nimemwambia kila kitu. Alitarajiwa asikie nini kingine?

Alikwenda kwenye sanduku lake, akachimba mpaka chini, akatoa kiondo. Alikuwa amekisuka mwenyewe, kwa katani, na mkanda wake ulikuwa wa ngozi. Ndani yake kulikuwa na leso mpya iliyokunjwa. Alivitoa Embu kwa ajili ya mke wa Nyaga, popote alipo, na miezi mitano huko Carrollton akina mama wawili wa kanisani walikisifia kile kiondo kwa ile sauti ya kuomba, yeye akajifanya kiziwi. Alikikung'uta vumbi, akakitia ndani ya mkoba wake mkubwa. Nyaga alipotoka bafuni alimkuta mama yake anatabasamu na sufuria.

Clarisse alifika saa mbili asubuhi kamili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sketi ndefu ya kitenge na viatu vya mtu anayetembea. Bibi Loice alihesabu mambo mawili papo hapo: amewahi, na amejisitiri.

"Karibu, Mama," Clarisse alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Leo gari ni yako, na mimi ni wako. Pole pole, hatuna haraka."

Akatoa kigoda kidogo nyuma ya gari, akakiweka chini ya mlango. "Tanguliza mguu wa kulia, Mama. Hilo goti la kushoto tuliache lipumzike."

Bibi Loice alikaribia kuanguka, na si kwa sababu ya goti. Hakuwa amemwambia mtu yeyote Marekani habari za goti lile isipokuwa watoto wake. *Kumbe wameshafika kwenye magoti*, alijiambia. *Mambo yameiva.*

Njiani Clarisse alimkalisha upande usio na jua. Kila baada ya muda alisimama penye kituo cha mafuta, akasema yeye mwenyewe anataka kunyoosha miguu, na choo kiko pale mlangoni kama Mama angependa. Bibi Loice alipenda kila mara. Mwaka ule alikuwa na miaka sitini na minne na aliona haya kumsimamisha dereva. Msichana anayelinda haya ya mama mkwe kiasi hicho, aliwaza, unampata wapi?

Walipopanda lile daraja refu linaloingia kisiwani, maji yakametameta pande zote mbili, na ndege wakubwa aina ya mwari wakapita wamejipanga mstari mmoja. Clarisse alianza kueleza. Alieleza habari za kimbunga cha mwaka 1900 kilichoua maelfu ya watu usiku mmoja. Alieleza jinsi walionusurika walivyojenga ukuta mrefu wa kuzuia bahari, kisha wakauinua mji wao, nyumba moja moja, kanisa kwa kanisa, kwa jeki, wakajaza mchanga chini yake mpaka ardhi yote ikapanda.

"Waliinua kanisa zima, Mama. Na watu waliendelea kuishi, wakipita juu ya mbao."

"Eeh," Bibi Loice alisema. "Na wewe ulijifunza haya yote wapi? Una kichwa kizuri."

Alikuwa akitazama kucha za Clarisse kwenye usukani. Zilikuwa fupi na safi. Ajabu kama ile, kanisa linainuliwa na jeki, naye anatazama kucha! Mpaka leo ukimwuliza kuhusu lile jumba kubwa la mawe waliloingia, lenye ngazi za mbao za kuchongwa na vioo vya rangi, atakuambia jambo moja tu: Clarisse alifuta viatu mlangoni mara mbili.

Kisha wakaingia kwenye jumba la vioo lililojengwa kama piramidi, ambamo ndani yake wamepanda msitu wa nchi za joto. Watu walikuwa wamelipa, wametoka mbali, wanapiga picha. Na walikuwa wakipiga picha ya nini? Mgomba.

"Huu ni mgomba," Bibi Loice alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Watu wanalipa kuutazama mgomba?"

"Na mimi siku ya kwanza nilicheka," Clarisse alisema. "Sisi kule Uvira tulikuwa tunaficha kuku ndani ya migomba."

Bibi Loice aliona jani kavu limening'inia. Kabla hajajizuia, mkono ulikuwa umeshavuka kamba, umelivuta jani, umelikunja mara mbili kama afanyavyo shambani kwake. Mtunza bustani mmoja, Mmarekani mzee mwenye kofia, akaja haraka. Bibi Loice akasimama na ushahidi mkononi. Yule mzee alilitazama jani, akamtazama yeye, kisha akanyoosha mkono akalipokea kwa heshima kama anapokea bahasha, akampeleka kwenye mgomba wa pili uliokuwa na jani kavu jingine. Wakalivuta wote wawili. Bibi Loice hakumwelewa hata neno moja, lakini wema wake aliuelewa, na huutaja hata leo.

Kisha akageuka kuona kama Clarisse ameona aibu. Clarisse alikuwa amekaa chini ya mgomba anafuta machozi ya kicheko. *Hana maringo*, Bibi Loice akahesabu. Ilikuwa alama ya saba au ya nane.

Chai ndiyo iliyommaliza. Clarisse alifungua chupa ya chai kwenye benchi kando ya bahari, akamimina. Haikuwa ile ya Kimarekani yenye barafu. Ilikuwa imechemshwa pamoja na maziwa, ina tangawizi, haina sukari. Bibi Loice alionja akanyamaza muda mrefu. Alipokuwa akinyamaza, Clarisse hakumwuliza kama kuna shida. Alimwacha anyamaze.

Wakati wa chakula aliamua kumpima mara ya mwisho. Mezani palikuwa na samaki wa kukaanga na wali, moto kabisa. Akaomba aiombee meza, akaomba sala ndefu. Aliwaombea wasafiri, wagonjwa, viongozi wa mataifa yote mawili, na mifugo. Katikati akafungua jicho moja kutazama kama msichana anachungulia sahani. Dhambi hiyo ameshaiungama. Clarisse alikuwa amefumba macho, ametulia, na shakwe mmoja alikuwa anakikaribia kipande chake cha samaki.

"Amina," Bibi Loice alisema haraka, akamfukuza ndege kwa leso ya mkononi.

Walipokuwa wakimaliza, simu ya Clarisse ililia. Alisikiliza, akatabasamu.

"Eeh, Nyaga. Amekula, ndiyo. Yote, alimaliza. Hapana, sijamwambia bado. *Non, non*, usiogope. Tunaenda sasa."

Sijamwambia bado! Bibi Loice alihisi moyo wake ukipiga kama wa mtoto mbele ya mwalimu. Masikini binti wa watu. Ametumwa aseme mwenyewe, na haya inamshika. Basi mkubwa ni nani hapa? Ni kazi ya mkubwa kufungua mlango ili mdogo asilazimike kubisha.

Waliingia kwenye feri inayovusha magari bure kwenda ng'ambo. Wakasimama pembeni, upepo ukipiga, pomboo wawili wakiruka nyuma ya chombo na watu wote wakikimbilia upande ule. Bibi Loice hakukimbia. Alitoa kiondo kwenye mkoba. Alitemea mate kidogo viganjani, kama wafanyavyo wazee wa kwao wanapobariki, akashika mikono ya Clarisse.

"Mwanangu," alisema, "usihangaike kutafuta maneno. Nimeona. Tangu asubuhi nimekutazama na sina neno. Hiki ni chako. Nyaga hatakusumbua, si mtu wa kelele. Ila anapenda kulala na viatu, usimwamshe, mvue tu. Na lile friji lake mlijaze. Mimi Jumapili nitapanda ndege nikiwa mwepesi."

Clarisse alipokea kiondo kwa mikono miwili. Alikitazama. Alimtazama Bibi Loice. Uso wake ulipita hali tatu, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa ya mtu anayebeba yai.

"Mama," alisema taratibu. "Mimi niko na bwana. Anaitwa Parfait. Tuko na watoto watatu."

Pomboo waliruka tena. Watu wakapiga makofi.

Bibi Loice husema kwamba wakati ule alitamani kimbunga cha mwaka 1900 kirudi, kimchukue yeye peke yake, kiwaache wengine. Alitazama maji. Alitazama viganja vyake vilivyolowa mate. Alikuwa amempaka baraka zake mke wa mtu.

"Mungu wangu," alisema. "Parfait atanisamehe?"

"Parfait atacheka wiki mbili." Clarisse hakuwa akicheka yeye, na wema huo nao uliandikwa. "Mama, hii ni kazi yangu. Natembeza watu kisiwani. Nyaga alinipigia wiki iliyopita."

"Lakini goti? Na chai? Na vyoo? Umeyajuaje yote haya?"

Clarisse alimshika mkono wakarudi garini. Akavuta chini kile kibao cha kukinga jua juu ya kiti cha dereva, na karatasi mbili zilizokunjwa zikadondoka. Mwandiko ule Bibi Loice angeutambua hata gizani. Aliufundisha yeye mwenyewe, kwa kijiti, kwenye mchanga wa ua.

Alivaa miwani akasoma, kidole kikifuata mistari.

*1. Goti la kushoto. Kigoda kitamsaidia.*

*2. Hatakuambia akitaka choo. Simama kila mara, sema ni wewe unataka.*

*3. Hanywi kitu baridi. Chai: maziwa yachemke pamoja, tangawizi, bila sukari.*

*4. Jua likae upande wako.*

*5. Akinyamaza hajakasirika. Anafurahi. Mwache.*

*6. Atasema hana njaa. Si kweli.*

*7. Akikupa kitu, pokea. Ukikataa ataumia na hatasema.*

*8. Mama hukagua watu. Mvumilie.*

"Hiyo namba nane," Clarisse alisema, "sikuielewa mpaka leo."

Hapo ndipo walipocheka, wote wawili, mpaka dereva wa gari la jirani akashusha kioo kutazama. Lakini Bibi Loice alikuwa bado hajafika mwisho wa karatasi.

*9. Hajawahi kufika baharini. Baba alimwahidi atampeleka Mombasa wakiuza kahawa, kila mwaka, nilikuwa nawasikia. Baba akafa. Tafadhali usimwambie mapema, atakataa kwa kuogopa viatu vitalowa. Mpeleke tu mpaka kwenye maji, umshike mkono. Nilitaka niwe mimi.*

Alikunja karatasi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akaivua tena.

"Nipeleke," alisema.

Ng'ambo ile palikuwa na ufuko mpana, hauna watu wengi. Clarisse alipiga magoti mchangani akamfungulia kamba za viatu. Bibi Loice aliingia majini mpaka kwenye vifundo, amekunja gauni, ameshikiliwa mkono na mke wa Parfait. Maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Hakuwaza lolote la maana, husema. Alisimama tu akawa anaona jinsi mchanga unavyotoroka chini ya nyayo. Kisha akainama, akachota maji kiganjani, akaonja. Ni kweli, yana chumvi. Mumewe alikuwa amemwambia, naye miaka ile alidhani anatia chuku.

Jioni Clarisse alimrudisha Houston mpaka mlangoni, akambebea mkoba. Kiondo alikitoa akamrudishia.

"Leso niache nayo, Mama, ninaipenda. Lakini hiki kina mwenyewe."

"Kina mwenyewe kweli," Bibi Loice alisema. "Nilikosea tu mtu wa kumkagua."

Njiani walikuwa wamesimama dukani, wakanunua vitunguu, nyanya, viazi, mboga na nyama. Aliingia jikoni, akatundika kiondo kwenye kitasa cha kabati, akakijaza vitunguu na viazi. Vingine akavitia kwenye friji mpaka lile limau likakosa nafasi, akalitupa.

Nyaga aliingia saa moja jioni, jua la huko likiwa bado halijazama. Alisimama mlangoni mwa jikoni, amevaa nguo zake za kazi, akatazama kiondo.

"Mama. Hicho si ni cha mke wangu?"

"Ni cha mtu aliyefaulu. Mke akija atakikuta hapo, mtagawana."

Nyaga alikuna kichwa. "Clarisse amenipigia. Anasema umemposa."

"Nimemposa na nimembariki. Parfait anajua. Kaa chini."

Nyaga aliketi, mabega yakianza kutikisika, akaficha uso kwa mikono. Alicheka mpaka kikawa si kicheko tena, kisha kikarudi kuwa kicheko. Mama yake alimwacha. Aliketi karibu naye, bila kusema, na safari hii ukimya ule haukumtisha. Baadaye kidogo Nyaga aliuliza, sauti ikiwa ndogo:

"Ulifika kwenye maji?"

"Nilifika. Yana chumvi, baba yako hakudanganya." Alisimama, akafunua sufuria. "Umekula?"

"Sina njaa, Mama."

Bibi Loice alichukua sahani kubwa kuliko zote, akaanza kupakua.